Mtoto kashindikana, eti akachunge mbuzi!

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi. Najua mtaning'aka, hasa akina dada mnaosubiri sehemu ya pili ya yule jamaa mwenye wachumba wawili. Mtanivumilia. Kuna barua imenikaa kichwani tangu Jumanne na haitaki kutoka mpaka niijibu.

Imetoka kwa mama mmoja wa Mbagala. Jina lake nalihifadhi, la mwanawe ndiyo kabisa. Ukurasa mmoja na nusu wa daftari, kalamu ya bluu, mwandiko wa watu waliosoma zamani, ule uliolala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Anasema ana kijana wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Kidato cha kwanza alikuwa mtoto wa kawaida tu, akitumwa dukani anaenda, akitaniwa anacheka. Mwaka huu kabadilika. Asubuhi anavaa sare, anaaga, anachukua nauli, halafu shuleni haonekani. Anashinda kwenye kibanda cha gemu. Jioni akirudi hasemi na mtu, ukimuuliza anapandisha mabega. Viboko vya shule kala, vya mjomba kala, dua kasomewa, kombe kanyweshwa. Wapi! Sasa ukoo umekaa kikao na hukumu imetoka: apelekwe Singida kwa babu yake mdogo, akachunge mbuzi, akili zimkae sawa. Mama ananiita mwanangu na kuniuliza swali moja tu: je, hii ni dawa au ndiyo wanamtupa mtoto?

Shikamoo mama. Swali lako lina akili kuliko kikao kizima cha ukoo, na wajomba mtanisamehe.

Tuambizane ukweli, ni nani humu mjini hajawahi kutishiwa kijiji? Ukipata namba mbovu, kijiji. Ukichelewa kurudi disko, kijiji. Dingi akiudhiwa na bosi wake huko kazini, akifika nyumbani kijiji kinakuangukia wewe. Na kila mara kwenye kitisho hicho kuna mnyama: utachunga mbuzi, utakamua ng'ombe, utazoa mavi ya kuku. Mnyama kwetu ni kama askari magereza. Ndiyo maana mtoto wa mjini anakua akiamini kwamba mtu anayeshika jembe au kamba ya ng'ombe ni mtu aliyefeli.

Sasa sikilizeni kioja. Marekani, jimbo la New York, kuna mji mdogo unaitwa Brewster, kama kilomita 100 hivi kutoka lile jiji lenyewe la maghorofa. Hapo kuna shule inaitwa Green Chimneys. Mtoto akishindikana shule za kawaida, ana hasira, ana huzuni, hakai darasani, ametendwa vibaya huko nyuma, anapelekwa pale. Na akifika anakabidhiwa nini? Mbuzi! Mbuzi, kondoo, kuku, farasi, punda. Na wapo wazazi wanaohangaika kutafuta nafasi pale kama sisi tunavyohangaika na nafasi za shule za seminari.

Shule yenyewe ilianza hivi. Mwaka 1947 kijana mmoja anaitwa Samuel Ross, hajafika hata miaka 20, alimshawishi baba yake anunue shamba la ng'ombe wa maziwa la ekari 75. Baba akakubali (kuna watu wana bahati jamani, mimi nilimwomba dingi baiskeli nikaambiwa nina miguu miwili). Ross akataka iwe shule ya bweni ambayo watoto wanaishi pamoja na wanyama. Mwanzoni walikuwa watoto wadogo wa kawaida. Kwenye miaka ya 1970 ndipo ikageuka kuwa mahali pa kutibu na kufundisha watoto wenye matatizo makubwa, wengi wao wakitoka New York mjini, watoto wa lami na ngazi ambao ng'ombe walimjua kwenye pakiti ya maziwa. Ross alifariki mwaka 2018, shule bado ipo.

Ratiba yao si ya maajabu. Hesabu zipo, kusoma kupo, wataalamu wa kuzungumza na watoto wapo. Ila katikati ya hayo kuna zamu za bandani: kulisha, kusafisha, kupiga brashi, kubadilisha maji. Wakubwa kidogo wanaweza kupewa kazi yenye malipo, wajifunze na kazi inavyokwenda. Halafu kuna kitengo kimoja ambacho mimi ndicho kimenimaliza. Wanapokea ndege wa porini walioumia, mwewe, bundi, wenye bawa lililovunjika au waliogongwa na gari. Wanatibiwa, na watoto wanashirikiana na wakubwa kuwahudumia. Akipona anaachiwa arudi zake. Asiyeweza kuruka tena anabaki, anatunzwa mpaka mwisho wake. Hebu fikiria wewe ni mtoto uliyehamishwa nyumba tatu, nne, kila mahali unaambiwa umeharibika, halafu unaona bundi mwenye bawa bovu anapewa banda lake, chakula chake na jina lake, na hakuna anayemwambia ametia hasara.

Mwaka 1994 mtafiti mmoja, Gerald Mallon, alichapisha utafiti alioufanya palepale. Kichwa cha habari chake kilimwita ng'ombe mtabibu msaidizi. Msicheke! Alitaka kujua watoto wanafanya nini na wale wanyama hasa. Akakuta kwamba mtoto akiwa na huzuni au hasira huenda bandani mwenyewe ili ajisikie vizuri. Na akifika huko anaongea na mnyama, kwa sababu anajua kabisa maneno yale hayatafika popote.

Mama wa Mbagala, rudia kuisoma hiyo sentensi ya mwisho. Kijana wako anapandisha mabega kwa sababu nyumbani kila neno lake linafika mahali. Akimwambia dada, limefika kwa mama. Akimwambia mama, limefika kwa mjomba, na mjomba ana fimbo. Shuleni akimwambia mwalimu, linasomwa paredi. Mbuzi hana paredi.

Mtu wa kwanza kulishikilia jambo hili kitaalamu naye alianza kwa bahati tu. Boris Levinson alikuwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto huko huko New York. Alikuwa na mbwa wake, Jingles. Siku moja akaletewa mtoto aliyekuwa amejifungia ndani ya nafsi yake, ameshindikana kwa wataalamu wengine, na wazazi wakafika mapema kabla ya saa waliyopangiana. Mbwa hakuwa ametolewa chumbani. Akamkimbilia mtoto, akamlamba, na yule mtoto badala ya kuogopa akaanza kumchezea. Levinson akaona hapa pana kitu. Mwaka 1961 akasimama mbele ya wanasaikolojia wenzake na kuwaeleza. Inasimuliwa kwamba walimcheka, wengine wakamuuliza mbwa anachukua asilimia ngapi ya malipo. Mwaka uliofuata akaandika makala kuhusu mbwa kama msaidizi wa tabibu, na mwaka 1969 kitabu kizima. Leo hao waliocheka hatuwajui hata majina.

Najua kuna wasomaji wangu Waislamu hapo wameshaguna habari ya mate ya mbwa. Hakuna aliyesema lazima awe mbwa. Paka yupo, mbuzi yupo, njiwa yupo.

Sasa nilipowasimulia washikaji kijiweni, mmoja akanikata palepale. Akasema kama kuchunga kunatibu, basi Wamasai wote wangekuwa hawana mgonjwa wa akili. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikamwambia umesema jambo la maana bila kujua. Mtazame layoni wa Kimasai anavyoanza kazi. Haanzi na ng'ombe mia porini. Anaanza mdogo kabisa na ndama na vitoto vya mbuzi, hapo hapo karibu na boma, mama anamwona. Akimudu, anapewa mbuzi wakubwa, anasogea mbali kidogo. Baadaye ndiyo ng'ombe. Jioni mifugo ikirudi baba anaitazama mmoja mmoja, anaijua kwa rangi na pembe, na akiona mmoja anachechemea anamuuliza mtoto, na mtoto ana jibu kwa sababu alikuwapo. Yule mtoto ametumwa kwa kuwa anaaminiwa. Huyu wetu wa Mbagala anatumwa kwa kuwa amechokwa. Mbuzi ni yuleyule. Mtoto atajua tofauti siku ya kwanza tu, tena pengine ataijua kwenye basi kabla hajafika Singida.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote, na ndipo naona tunapokosea sana Bongo. Wanyama tunao, mashamba tunayo. Kuchunga tunakujua kabla Brewster haijasikika. Lakini tumekufanya adhabu.

Mnakumbuka Elimu ya Kujitegemea? Mwalimu Nyerere aliiandika Machi 1967. Alitaka kila shule iwe na shamba au mradi wake, na wanafunzi wahusike kupanga na kuamua, waone faida ya jasho lao. Siyo shule iwe na vibarua wa bure. Mimi si mtu wa siasa, lakini wazo lile na la yule kijana wa ekari 75 ni ndugu kabisa. Halafu njoo kwenye utekelezaji. Shule niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na mradi wa kuku. Nani alikuwa anaingia bandani? Waliochelewa namba. Nani alikuwa anafyeka? Waliopiga kelele. Na mayai? Mayai tuliyaona yakipita na trei kuelekea nyumba za walimu. Nimemaliza kidato cha nne sijui kuku analalia siku ngapi, ila najua harufu ya banda lake saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umeadhibiwa. Kuku hakuwa na kosa.

Siku 21, kwa taarifa yenu. Hilo nimefundishwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu, na si kuku anaofuga, ni njiwa. Shuleni walimwita mzigo. Hesabu sifuri, Kiingereza sifuri, ugomvi A. Lakini nenda bandani kwake uone. Atakwambia njiwa anataga mayai mawili, dume analalia mchana na jike usiku, kwa hiyo ukiona dume yuko nje jioni usishangae, ameshatoka zamu. Anahesabu siku 18 mpaka kuanguliwa, ameziandika kwa mkaa kwenye mbao za banda, vistari vistari. Anajua makinda hayalishwi mtama siku za mwanzo, baba na mama wote wawili wanayatapikia uji mzito unaotoka kooni mwao, kwa hiyo mzazi mmoja akiliwa na paka siku hizo, wewe mfugaji una kazi. Siku makinda mawili yalipokufa, alikaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba akalia, jitu zima la miaka 16 linaloogopwa mtaa mzima. Hakuna aliyemcheka. Mama yake alikwenda akakaa kwenye ndoo nyingine. Mimi nilipita nikajifanya sijaona, lakini nina hakika hawa wawili hawakuwa wamekaa pamoja hivyo kwa miaka.

Msije mkasema namuuzia mtu miujiza. Huyo kijana hakugeuka daktari. Alirudi shule kwa kusuasua, mitihani yake bado ya kuombea. Ila ugomvi umepungua, na asubuhi anaamka kabla hajaitwa kwa sababu kuna viumbe 30 vinamsubiri.

Na si habari za kuhisi tu. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, kilitoa matokeo ya utafiti kwa wanafunzi 249. Waligawanywa makundi. Wengine walikaa na paka na mbwa wakawashika na kuwapapasa dakika 10, wengine wakawaangalia wenzao tu, wengine wakatazama picha, wengine wakasubiri. Wakapimwa mate. Wale waliowashika wanyama, ile homoni ya msongo wa mawazo iitwayo kotisoli ilikuwa chini kuliko ya wenzao. Dakika kumi! Foleni ya choo cha shule ni ndefu kuliko hiyo.

Lakini kupapasa ni sehemu ndogo, na ukiwauliza wenye kazi hii watakwambia kazi kubwa iko kwenye ndoo na fagio. Mnyama hasubiri mudi yako. Ukiamka na hasira maji yake yameisha vilevile. Na hakupi heshima kwa sababu ya ukubwa wa sauti. Farasi, kwa mfano, ni mnyama aliyeumbwa kuwindwa, macho yako pembeni ya kichwa, anausoma mwili wako kabla hujamkaribia. Ukimwendea umekaza mabega anasogea. Ukipumua ukatulia, anakaa. Mtoto aliyezoea kutisha watu anagundua kwamba kutisha hakufungui mlango huu. Hakuna aliyemhubiria, kajionea mwenyewe. Mbuzi naye ukimpandisha leo, atazaa baada ya miezi mitano. Mpe kijana asiyeweza kusubiri hata chai ipoe mbuzi mwenye mimba, umwambie hesabu.

Kuna upande wa pili wa habari hii na ni mchungu. Wapo wazungu waliochukua wazo zuri la kuwafundisha vijana nje ya kuta nne wakaligeuza jela. Wazo lenyewe lina heshima zake. Mjerumani Kurt Hahn, aliyekimbilia Uingereza baada ya kugombana na Hitler, alishiriki kuanzisha Outward Bound kule Aberdovey, Wales, mwaka 1941, vijana wajifunze kwa bahari na milima. Likafika hadi kwa jirani zetu Wakenya, Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, miaka ya 1950. Sasa huko Marekani baadaye wakazuka wafanyabiashara wa kambi za porini, wakiwaahidi wazazi waliochoka kwamba lete mtukutu wako, tutakurudishia malaika. Wengine walichukua watoto usiku wakiwa wamelala kitandani, wazazi wameshalipa. Februari 2024, kambi moja ya namna hiyo jimbo la North Carolina ilipokea mtoto wa miaka 12. Hakumaliza saa 24. Alikutwa amekufa asubuhi kwenye kihema alichofungiwa alale. Serikali ya jimbo ikaifuta leseni ya kambi mwaka huohuo, na Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya taifa zima ya kufuatilia taasisi za aina hiyo.

Simtishi mama yangu wa Mbagala. Babu wa Singida si kambi. Ninachosema ni kwamba pori lenyewe halina huruma wala elimu. Anayefundisha ni mtu aliye karibu na mtoto pale porini, na kama hayupo, umempeleka mtoto wako kwa fisi na jua.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili. Mama, kabla ya nauli ya Singida, tafuta kwanza kilichotokea kati ya kidato cha kwanza na cha pili. Mtoto hageuki hivyo bure. Huenda kuna wakubwa wanamnyang'anya nauli na kumpiga. Huenda haoni ubaoni. Huenda kuna mtu mzima kamfanyia jambo ambalo hawezi kulitamka mbele ya mjomba. Kama halali, hali, au anasema maneno ya kutaka kufa, habari ya mbuzi weka pembeni kabisa, mpeleke hospitali, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na si ya vichaa peke yao kama watu wanavyodhani.

Kisha muulize mwenyewe. Ndiyo, muulize! Angependa mnyama gani, hapa au huko? Akikataa Singida, usimfunge kamba. Akikubali, basi piga simu kwa babu umbane maswali. Je, atalala wapi na nani? Je, shule iliyo karibu itampokea kwa uhamisho halali, ili achunge kabla na baada ya masomo, na likizo? Maana mtoto aliyeondolewa darasani akawa mchungaji wa kudumu hajatibiwa, kaajiriwa bila mshahara. Je, babu ana muda wa kutembea naye wiki za mwanzo, amwoneshe malisho, maji, majani yenye sumu, mbuzi mwenye tabia ya kutoroka? Na la mwisho, hili msiliruke: mmoja wa wale mbuzi awe wake. Wa jina lake. Akizaa, kitoto chake. Babu akisita hapo, mmeshapata jibu lenu.

Kama Singida imegoma, mbona hata Mbagala panafaa. Banda la njiwa linajengwa kwa mbao za makasha. Sungura wawili wanakaa kwenye kona ya uwanja, wakianza kuzaa mtawagawia majirani. Kuku watano wa kienyeji mtoto anaweza kuwahudumia kabla ya daladala. Siyo wa familia anaotumwa kuwafungulia, wake, na daftari lake la mayai, na mama unanunua yai kwake kwa bei ya duka. Mzazi asiingie bandani kukagua kila saa, na akikuta uchafu asipige kelele. Mwache kuku mwenyewe amlalamikie.

Na shuleni, ulizeni kama kuna klabu ya Roots & Shoots. Wengi hamjui kwamba kitu hicho kilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walipokwenda kukaa na Jane Goodall nyumbani kwake na kumweleza mambo yanayowakera, wanyama wanavyoteswa yakiwamo. Yule mama wa sokwe wa Gombe alifariki Oktoba 2025, na klabu zake zimeshasambaa nchi nyingi duniani. Haikuanzishwa kutibu watukutu, lakini mtoto asiyesema darasani nimeona anasema akiwa ameshika mche au kobe.

Tahadhari mbili kisha niwaache. Mtoto akianza kumtesa mnyama, usicheke wala usinyamaze. Mwondoe bandani siku hiyo, kaa naye, mara nyingi anaonesha alichofanyiwa yeye. Na mnyama naye ana haki zake, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Pili, mbwa au paka akimng'ata au kumparura, mambo ya kupaka kitunguu na mafuta ya taa acheni. Osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu mbio hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Kichaa kikishaonesha dalili, hakuna dawa.

Mama, ukishazungumza na kijana wako niandikie tena, hata kama ni nusu ukurasa. Na wewe kijana, kama umelikuta gazeti hili kwenye kibanda cha gemu, barua unaweza kuandika na wewe, mama hataambiwa. Wengine, wiki ijayo tunarudi kwa jamaa yetu wa wachumba wawili, maana nasikia sasa wamejuana.